Umenunua nyumba Texas? Nenda kwa karani wa kaunti ukaisome hati yako

Mtu wa kwetu akinunua nyumba hapa Texas, ndugu walioko nyumbani wakishampongeza humuuliza jambo moja: "Hati umeshapewa?" Wana haki ya kuuliza. Kule tumezoea kwamba mali ni ile karatasi yenye muhuri wa msajili. Ukiwa nayo kabatini unalala usingizi. Huku utaratibu ni mwingine kabisa, na nimekutana na wenzetu wengi waliokaa kwenye nyumba zao miaka bila kujua karatasi inayowahusu iko wapi wala majina yao yameandikwaje. Haya nimeyajua kwa kwenda mwenyewe na kwa kuwasindikiza wengine, na yanahusu Texas tu, ninakoishi. Majimbo mengine yana sheria zake, na hata ofisi yenyewe huitwa jina jingine.

Hati ya huku husainiwa na muuzaji mbele ya notari, akimkabidhi mnunuzi mali. Kisha hupelekwa kwa karani wa kaunti, ambaye ofisi yake huwa ndani ya jengo la mahakama au jirani nalo. Karani huinakili kwenye kumbukumbu za umma, huigonga tarehe, saa na namba, halafu huirudisha. Hachunguzi kama muuzaji ni mwenye mali kweli, na wala serikali haikudhaminii umiliki wako. Kinachokulinda ni kule kuandikishwa: sheria ya Texas inasema hati ambayo haikuandikishwa haina nguvu mbele ya mtu aliyenunua mali ileile baadaye, kwa fedha yake, bila kujua habari zako. Baina yako na aliyekuuzia mnabaki na mapatano halali, lakini akikugeuka akamuuzia mwingine, kazi ya kuhangaika ni yako. Kwa hiyo usiugue moyo ukipoteza karatasi. Nakala iliyothibitishwa na karani hugharimu dola 5 na dola 1 kwa kila ukurasa, na inakubalika.

Kwanza ijue kaunti yako. Texas ina kaunti 254, na hati huandikishwa pale ardhi ilipo. Anwani ya posta inaweza kukupoteza. Mtu akisema anakaa Katy, nyumba yake inaweza kuwa Harris, Fort Bend au Waller, kwa sababu mji huo umekaa juu ya kaunti tatu. Angalia bili ya kodi ya nyumba; jina la kaunti limeandikwa hapo.

Kaunti nyingi zimeweka kumbukumbu zao kwenye intaneti, na ofisini kuna kompyuta za umma ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Utatafuta kwa faharasa mbili: ya watoaji, yaani waliouza au kutoa, na ya wapokeaji. Ukitaka kujua nyumba ilitoka kwa nani, unaanza na jina la mwenye nyumba wa leo upande wa wapokeaji, unamwona aliyemuuzia, naye unamtafuta alipokea lini kwa nani, unarudi nyuma hivyo hivyo. Ukifika mbali unageuka: kila mmiliki unamtafuta upande wa watoaji, katika miaka aliyoishika mali, uone kama aliikopea, aliigawa, au aliiuza mara mbili.

Na hapa ndipo majina yetu yanapoleta tabu. Faharasa zimepangwa kwa jina la ukoo, jambo ambalo wengi wetu hatuna kwa maana ya Kimarekani. Tuna jina letu, la baba na la babu. Tuseme mtu anaitwa Asha Juma Mwinyi. Kwenye pasipoti ni hivyo, kwenye leseni ya udereva Juma limebaki herufi moja, benki wameandika Asha Mwinyi Juma kwa sababu alijaza fomu ya zamani ya wakimbizi iliyogeuza mpangilio. Hati ya nyumba huandaliwa kwa kufuata mkataba wa kununua, na mkataba ulifuata kitambulisho alichotoa siku ile. Niliwahi kukaa na mama mmoja tunayesali naye mbele ya kompyuta ya karani. Tukaandika jina la babu yake, ambalo yeye anaamini ndilo la ukoo: hakuna kitu. Tukaandika jina la baba: nyumba ikajitokeza, pamoja na mkopo wake. Alikuwa ameishi humo miaka mingi akilipa kila mwezi, na mtu yeyote aliyemtafuta kwa jina analolitumia kazini asingemkuta.

Kwa hiyo tafuta kila namna: jina la baba, la babu, Mohamed na Muhammad, Saidi na Said, jina la ndoa na la kabla ya ndoa, lenye kistari na lisilo nacho. Ukishaipata hati, andika pembeni namba yake na tarehe. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia siku zote, na haikosewi kama jina.

Ukiifungua, isome yote. Bei hutaiona. Texas hailazimishi bei ya mauzo iwekwe hadharani, ndiyo maana hati nyingi zinasema mali imetolewa kwa "dola kumi na malipo mengine". Usishtuke, hujaibiwa. Angalia aina ya hati: ya dhamana kamili, ambapo muuzaji anaahidi kuitetea milki yako dhidi ya mtu yeyote, ya dhamana yenye mipaka, ambapo anajibu kwa yale ya wakati wake tu, au ile ya kuachia haki, ambapo mtu anasema kwa ufupi kwamba kama nina chochote hapa, chukua. Hii ya mwisho watu huipenda kwa sababu ni fupi na fomu yake iko kila mahali, lakini kampuni za bima ya umiliki, zinazomkinga mnunuzi kama milki ina kasoro, huitilia shaka. Usiitumie kwa nyumba ya familia bila kumuuliza mwanasheria.

Kisha linganisha maelezo ya kiwanja. Mjini utasoma namba ya kiwanja, kitalu, jina la mtaa uliopimwa, na mahali ramani yake ilipoandikishwa. Shambani utasoma mipaka kwa nyuzi za dira na umbali, na pengine vipimo vimetajwa kwa vara, kipimo kilichobaki tangu enzi ya Wahispania. Vara moja ya Texas ni inchi 33 na theluthi moja. Anwani ya mtaa haitoshi kisheria. Kinachouzwa ni kile kilichoelezwa kwenye maelezo ya kiwanja, na tarakimu moja ikikosewa umepewa kiwanja cha jirani.

Ukimaliza hati ya umiliki, tafuta hati ya rehani, ile uliyoisaini wewe kumwekea mkopeshaji nyumba rehani. Siku utakapomaliza deni, mkopeshaji anapaswa kutoa hati ya kulifuta, nayo iandikishwe kwa karani yuleyule. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona kwa macho yangu: deni limelipwa, barua ya pongezi imekuja, lakini kwenye kumbukumbu za kaunti deni bado liko. Mwenye nyumba anakuja kugundua anapotaka kuuza, wakati mkopeshaji ameshauzwa kwa kampuni nyingine na kumpata wa kusaini ni safari. Miezi michache baada ya malipo ya mwisho, tafuta. Usipoiona, dai kwa maandishi.

Kama wewe ndiye unayekwenda kuandikisha, matakwa ya karani ni machache na hayana huruma. Saini ziwe za asili, zimethibitishwa na notari, na majina yachapwe chini yake. Karatasi isizidi inchi 8 na nusu kwa 14, na maandishi yasomeke. Anwani ya posta ya mpokeaji iwemo, la sivyo unatozwa faini. Hati iwe kwa Kiingereza. Weka pia anwani ya kurudishiwa. Ada huwa takriban dola 25 kwa ukurasa wa kwanza na dola 4 kwa kila unaofuata, na kitambulisho chenye picha beba, maana wanaweza kukiomba. Sheria inakuruhusu kufuta namba ya hifadhi ya jamii na ya leseni kabla ya kuandikisha. Zifute. Kumbukumbu za karani zinasomwa na dunia nzima.

Makarani wa mapokezi, kwa uzoefu wangu, ni watu wema, lakini hawaruhusiwi kukushauri. Ukiwauliza "nitumie hati gani?" watakujibu kwamba wao si wanasheria. Usikasirike.

Suala la notari nalo limewaponza wengi. Tanzania na Kenya notari ni wakili, kwa hiyo mtu wa kwetu akiona bango la notari kwenye duka la kujaza fomu za kodi anadhani amempata mwanasheria. Notari wa Texas anathibitisha tu kwamba aliyesaini ndiye mwenyewe. Kuandaa hati ya nyumba ya mtu mwingine kwa malipo ni kazi ya wakili mwenye leseni, na anayeifanya bila leseni anavunja sheria. Hati rahisi kwa wakili haigharimu pesa nyingi ukilinganisha na thamani ya nyumba. Lipa.

Jina likiwa limekosewa, lipo njia ya kurekebisha. Kosa dogo, kama herufi ya jina, hurekebishwa kwa hati ya masahihisho inayosainiwa na mtu anayezifahamu habari hizo mwenyewe, kisha inaandikishwa na wahusika wa mwanzo wanapelekewa nakala. Kosa kubwa, kama kuongeza au kuondoa kipande cha ardhi, linataka saini za pande zote. Anza na kampuni iliyosimamia mauzo. Mara nyingi hurekebisha bila kukutoza.

Sasa kifo, ambacho hatupendi kukizungumzia. Majina mawili kwenye hati hayamaanishi kwamba mmoja akifariki mwingine anachukua yote. Nyumba iliyonunuliwa ndani ya ndoa huchukuliwa kuwa ya wote wawili, hata ikiwa na jina la mmoja. Marehemu asipoacha wosia, na watoto wake wote ni wa ndoa hiyo, sehemu yake inakwenda kwa mwenzi aliyebaki. Lakini akiwa na mtoto kwa mtu mwingine, hata kama mtoto huyo yuko Tanga au Kisumu na hajawahi kukanyaga Marekani, nusu ya marehemu ni ya watoto wake. Mjane anabaki na nyumba ambayo hawezi kuiuza bila saini zao. Ili kuonyesha warithi ni nani, familia nyingi hutumia hati ya kiapo ya warithi, inayotaka mashahidi wawili wasio na maslahi na wanaomjua marehemu na ukoo wake vizuri. Kwetu mashahidi wa namna hiyo wako ng'ambo ya bahari.

Tangu Septemba 2015 Texas ina hati ya kurithisha baada ya kifo. Unamtaja atakayeichukua nyumba, unasaini mbele ya notari, unaiandikisha kwa karani ukiwa hai. Hadi unakufa nyumba ni yako, na unaweza kuifuta hati hiyo, ila kwa wosia hapana. Zungumza na wakili, hasa kama una watoto wa mama tofauti, na uzungumze nao watoto wenyewe.

Muda mfupi baada ya kununua utapata barua yenye sura ya kiserikali ikikutaka ulipe, pengine karibu dola mia, upewe nakala ya hati. Ni biashara ya watu binafsi. Nakala ya kawaida kwa karani ni dola 1 kwa ukurasa. Badala ya kulipa, uliza kama kaunti yako ina huduma ya tahadhari, ambapo unaandikisha jina lako bure na kutumiwa ujumbe kila hati mpya inapoingia kwa jina hilo. Kwa majina yetu, andikisha kila namna linavyoandikwa.

Ukiwa safarini nyumbani wakati nyumba inauzwa, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na ule wa Nairobi hutoa huduma ya notari kwa miadi, dola 50 kwa muhuri mmoja. Ukimwachia mtu hati ya uwakilishi asaini kwa niaba yako, taja kiwanja waziwazi, na hati hiyo nayo iandikishwe kwa karani wa kaunti ilipo nyumba. Weka miadi mapema, na itume karatasi ya asili kwa njia inayofuatilika, kwa sababu karatasi inayoletwa kwa mkono kaunta lazima iwe na saini ya asili.