Tv haipo, jioni tufanye nini? Majibu ya maswali yenu

Tangu nigusie habari ya kuzima tv jioni maswali yameingia mengi kweli, nimechukua machache yanayobeba na ya wengine. Nimeyafupisha, ila maana nimeiacha vile vile.

Tv yetu iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu na hela ya nyingine kwa sasa hatuna. Nina watoto watatu, miaka 5, 8 na 11, kila jioni wanazunguka tu ndani wanagombana. Nianzie wapi? Mama, Mbagala

Pole sana mama. Siku za mwanzo ndo ngumu, wakishazoea wanatulia. Na ujue wazazi wetu huku Bara walikua bila hicho kitu kabisa, Zanzibar walikuwa na tv ya rangi tangu miaka ya 1970 lakini Bara stesheni za kwanza zimeanza 1994, kwa hiyo mtu wa miaka 45 na kuendelea aliyekulia huku jioni yake ilikuwa redio, hadithi, kombolela, rede na mdako. Kama mama yako yupo au kuna jirani mtu mzima muulize walikuwa wanacheza nini, atakusimulia mpaka chakula kipoe.

Wewe anza na vitendawili wakati unapika, maana havitaki kifaa chochote na mikono yako inaendelea na kazi. Huyo wa miaka 5 mpe "nyumba yangu haina mlango" (yai), wa 8 mpe "kuku wangu katagia mibani" (nanasi), mkubwa mpe "kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni" (njia). Akishindwa usimwambie haraka jamani, mdai mji kwanza! Mji ndo utamu wenyewe, anakupa Tanga unakataa, anakupa Mwanza unakataa, anakupa Mombasa unakubali, unaenda huko unatembea, unasema umekula nini umemkuta nani, ndo unarudi na jibu. Halafu waache watunge vya kwao. Mtoto anayetunga kitendawili cha bodaboda au cha luku anafikiria kuliko yule anayejibu vya kukariri, na kelele zitabaki ila zitakuwa za kicheko.

Karata sio kamari? Mume wangu hataki azione ndani. Morogoro

Kamari ni pale mtu anapoweka pesa, karata bila pesa ni mchezo na zinamfundisha mtoto hesabu vizuri tu. Lakini baba kama hataki msigombane kwa hilo, chora drafti kwenye boksi, miraba 64, vizibo vya soda 12 vinalala kifudifudi na 12 chali, mchezo umeanza.

Babu yao anajua bao sana na mwanangu wa miaka 9 anataka kujifunza, ila kila akikaa naye anachanganyikiwa anaondoka analia. Mimi mwenyewe silijui. Baba, Kigamboni

Hili nimelipenda, maana una mwalimu ndani ya nyumba wengine wanamtafuta hawampati. Shida ni kwamba babu anamuanzishia bao kubwa lenyewe, lile la kuanza na kete 6 kwenye nyumba (shimo maalum la mstari wa mbele), 2 na 2 pembeni yake na 22 mkononi, mnanamua kwanza, yaani mnaingiza kete za mkononi, ndo mnaingia mtaji, yaani mnacheza zilizo ubaoni. Mtu mzima tu linamtoa jasho. Mwombe babu kwa heshima amuanzishie bao la kujifunza, lipo siku zote na ndilo wengi wameanzia.

Linakwenda hivi: ubao ule ule wa mashimo 32, mistari minne ya mashimo nane, miwili yako miwili ya mwenzako. Kila shimo kete 2, jumla 64. Unachota shimo lako lenye kete kuanzia 2 unaziangusha moja moja kuelekea upande unaotaka, kwenye mistari yako miwili tu. Ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unakula, unazichukua zile zake na kuzipanda upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wako wa mbele, ukiwa unaelekea kulia unaanzia kichwa cha kushoto. Ya mwisho ikiangukia penye kete ila hakuna cha kula, unachota zote unaendelea. Ikiangukia patupu umelala, zamu ya mwenzako. Ukiwa na nafasi ya kula lazima ule, na kama mkono wa kwanza haukula basi hiyo ni takata, mzunguko wote huo huli kitu. Mstari wako wa mbele ukiisha kete au ukikosa pa kuchezea umefungwa. Mambo ya kimbi (mashimo mawili ya kila mwisho wa mstari wa mbele) na mengine babu atamwongezea taratibu.

Ubao kama hamna msisubiri kununua. Trei moja ya mayai ina mashimo 30, yamepungua mawili tu, kwa hiyo chukueni trei mbili mzikate na kuziunga mpate mistari minne ya nane, au chimbeni chini uwanjani. Kete za asili ni komwe, mkikosa hata kokoto zinafaa. Na wewe baba kaa hapo ujifunze pamoja naye, mtoto akiona baba yake naye anafungwa na babu hatalia tena akifungwa.

Nataka kijana wangu wa miaka 12 ajue kazi ya mikono lakini mimi sio fundi. Nimfundishe nini? Mama, Dodoma

Mfundishe kuziba pancha ya baiskeli, na kama hujui jifunzeni wote siku moja. Naipendelea kazi hii kwa sababu inaisha ndani ya saa moja, inaonekana imefanikiwa au haijafanikiwa, na inaokoa pesa kweli.

Mtoe upepo wote, tairi mlinyanyue upande mmoja kwa vishikio vya vijiko viwili vigumu, taratibu msije kubana tyubu. Vuteni tyubu nje, jazeni upepo, izamisheni kwenye beseni la maji mkiizungusha kidogo kidogo. Hapo mwachie yeye atafute. Vile vipovu vinapotoka kwenye katundu ambako jicho halikuona kitu, uso wake utauona. Wekeni alama, kausheni vizuri, sugueni na msasa mpaka pawe pamekwaruzika, pakeni solusheni nyembamba kwenye tyubu na kwenye kiraka, na hapo sasa ndo wengi wanaharibu: subirini dakika kadhaa mpaka ukigusa kwa kidole hainati sana, ndo mbandike na kukandamiza. Kiraka kinakatwa kwenye tyubu kuukuu, kiwe cha mviringo maana chenye kona kinaanza kubanduka konani. Kabla ya kurudisha pitisheni kitambaa ndani ya tairi lote, msumari au mwiba uliotoboa mara nyingi bado upo pale pale na msipoutoa pancha itarudi jioni hiyo hiyo.

Akiweza hiyo majirani wataanza kumletea zao, mwache awahudumie.

Mpira wa chandimu zamani tulifunga kwa mifuko ya rambo, sasa mifuko hakuna. Watoto wafungeje? Tabora

Mifuko ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na ni vizuri, mitaro imepumua. Ndani wekeni soksi kuukuu na vipande vya nguo mvivilige vikaze, nje zungusheni kamba ya katani au ya magome ya mgomba makavu, mkivuka vuka kila upande kama wavu. Ukinyeshewa unakuwa mzito, basi anikeni.

Binti yangu anapika anafua, kaka zake wanasema hizo sio kazi zao na baba yao anawaunga mkono. Nimechoka. Arusha

Hapa nasema wazi, hao vijana wanaonewa pia, maana siku wakienda chuo au kupanga chumba watakula chipsi kila siku na kuvaa shati lisilo na kifungo. Usianze kwa kubishana na baba yao mbele ya watoto, ongeeni wenyewe chumbani, mkumbushe kuwa mpishi wa shughuli, fundi cherehani, mchoma chapati wa mgahawani mara nyingi ni mwanaume na analipwa kwa kazi hizo. Halafu wape vijana chapati za Jumapili. Kukanda, kupaka mafuta, kuviringa, kusukuma, wote mezani, na dada yao siku hiyo akae ale ya kwanza ikitoka. Za mwanzo zitakuwa ramani ya Afrika, mzile hivyo hivyo na mzisifie.

Tunaishi Muscat, bibi yao Pemba anasuka mikeka na wanangu wa kike hawajui hata ukili ni nini. Likizo tuna wiki tatu tu nyumbani, inatosha? Mama, Oman

Mkeka mzima usiuweke kichwani, lengeni ukili, ule mkanda mrefu wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka. Mwambie bibi mapema aandae ukindu (majani ya mkindu ya kusukia) uliokauka, mwingine achemshe na rangi. Wiki ya kwanza wasuke ukili mwembamba, watasuka na kufumua sana, vidole vitauma, usiwaonee huruma mbele ya bibi. Wiki ya pili bibi awaoneshe kuchanganya rangi. Ya tatu waushone kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, uwe kikapu kidogo au kawa ya kufunikia chakula. Ukindu uliobaki uingie kwenye sanduku mrudi nao, unalowekwa maji kidogo unalainika, na huko Muscat jioni wakikaa kusuka mpigieni bibi simu ya video awaangalie mkono. Akiona wamekosea atasema tu, wewe acha aseme.