Mshahara haukukatwa, mabati ndiyo yalikimbia

Ndugu uliyeuliza mtumishi anaumiaje shilingi ikishuka thamani, wakati mshahara wake haujaguswa: haukatwi, unaliwa na bei. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 17 za Tanzania. Mwaka unaisha, imevuka 50, na bei za dukani nazo zikapaa. Mzee wangu alikuwa karani kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Mwanza, na akiba yake benki ilikuwa inatosha mabati ya nyumba nzima. Alipofika dukani ikatosha ya jiko tu. Kile kitabu cha benki tunacho mpaka leo, tarakimu zilezile, muhuri haujafutika. Jirani yetu wa Kirumba, benki hakuwahi kuingia, mali yake yote ilikuwa mtumbwi na nyavu. Bei ya samaki ilipopanda, naye akapanda nayo.