Mipeasi inayokimbilia juu bila kuzaa

Ndugu yangu wa Ngaramtoni, umeeleza kwamba mipeasi yako ina miaka minne, matawi yamesimama wima, maua hakuna, nawe unataka kuikata vilele. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu mpeasi ukikatwa sana hujibu kwa kutoa machipukizi marefu yenye nguvu, na matunda huzidi kuchelewa. Miaka minne si mingi kwa mti huu.

Acha shina kuu moja, kisha yainamishe matawi ya pembeni kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, mpaka yafanye pembe ya nyuzi 60 hivi na shina. Fundo liwe legevu kiasi cha kupitisha vidole viwili, maana kamba iliyobana hukata gome tawi linaponenepa. Tawi lililoinama hupunguza kasi ya kurefuka na huanza kutengeneza vichipukizi vifupi vya maua. Samadi nayo ipunguze, kwani naitrojeni nyingi hurefusha matawi tu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni uchavushaji: aina nyingi za peasi hazizai vizuri zikiwa peke yake, hivyo panda aina ya pili inayochanua wakati huohuo, au ibebeshe (yaani unganisha kikonyo chake) kwenye mti ulionao, na usipulizie viuadudu nyuki wanapotembelea maua.