Wastani wa shule na watoto walio ndani yake

Barua za wiki hii karibu zote zinatoka kwa wazazi wanaotafuta shule. Nimechagua tano.

*Mwalimu, hapa Kariobangi, Nairobi, tuna shule mbili za umma. Jirani anasema ile ya mbali ndiyo bora kwa kuwa wastani wake wa KCPE ulikuwa juu kila mwaka. Nimpeleke mtoto huko, na nauli ya matatu inauma? (Mama wa wawili)*

Mama, KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Walioupata huo wastani wameshaondoka, na huenda hata mwalimu mkuu amehamishwa. Tena hata enzi zake, wastani ulieleza zaidi ni nani aliyeingia langoni kuliko alichofunzwa ndani. Shule ya watoto waliopitia chekechea, wenye taa na meza nyumbani, ilipata 300 kati ya 500 hata mwalimu akisinzia. Nyingine inapokea mtoto anayehama kila kodi ya nyumba inapopanda. Ikimtoa kwenye 150 ikamfikisha 240, imefanya kazi kubwa kuliko ile ya kwanza, lakini kwenye orodha itabaki mkiani.

Itazame shule ya msingi ya Olympic, Kibera. Miaka ya tisini ilikuwa ikitajwa miongoni mwa shule bora za umma nchini. Januari 2003 serikali ya Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi, wazazi wakafurika langoni na madarasa yakajaa hadi pomoni. Jina lilibaki lile lile, ila waliokalia madawati hawakuwa wale wale. Anayelinganisha alama za kabla na za baadaye bila kuutaja umati huo analinganisha shule mbili tofauti.

Halafu kulikuwa na ujanja. Niliwahi kufundisha shule moja, jina naliacha, ambako wanafunzi dhaifu wa darasa la saba waliambiwa wakariri darasa au wakasajiliwe kwingine ili wastani usichafuke. Mmoja wa walioandika orodha hiyo ni mimi. Sijivunii.

Kwa hiyo nenda kwanza shule ya karibu, asubuhi ya siku ya kawaida, si siku ya mkutano wa wazazi. Hesabu watoto darasani. Uliza walimu wangapi wameajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na wangapi wanalipwa na wazazi. Omba kuona daftari la hisabati la mtoto wa katikati, si la yule anayeongoza, uone kama limesahihishwa. Kisha uliza: wale waliofika gredi ya 4 bila kujua kusoma, wako wapi leo? Mwalimu mkuu akiweza kulijibu swali hilo moja kwa moja, mwachie mtoto wako.

*Nusu ya darasa la mwanangu Eastleigh ni watoto wanaozungumza Kisomali au Kioromo nyumbani. Hawatamvuta chini? (Baba)*

Na wako, baba, nyumbani anazungumza Kiingereza cha vitabuni? Watoto wengi wa Nairobi wanasoma kwa lugha ambayo si ya nyumbani, na Kiswahili chenyewe wengine wanakijua kwa Sheng. Nimewaona watoto wahamiaji wakiwekwa darasa la watoto wadogo kuliko wao kwa sababu ya lugha tu, na wakishaishika wanapanda mbio, hasa kwenye hisabati. Ningekuwa wewe ningehofia zaidi darasa la watoto themanini lenye mwalimu mmoja, hata kama wote themanini wanatoka kijiji kimoja.

*Shule ya umma Umoja inataka binti yangu afanye mtihani kabla ya kumpa nafasi gredi ya 4. Ni halali?*

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtihani wa kumchuja mtoto asiingie shule ya umma. Unaokubalika ni wa kujua akae darasa gani. Waulize kwa upole: akianguka, mtampeleka wapi? Wakisema nyumbani, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

*Mwanangu wa gredi ya 5 amepata "Kukaribia Matarajio" katika Kiingereza. Akariri darasa?*

La. Sheria hiyo hiyo imekataza kukaririsha. Na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6, haimfungii mtu mlango wa gredi ya 7. Muulize mwalimu kinachomshinda ni kusoma, kuandika au kuzungumza, maana maneno hayo mawili ya ripoti hayasemi. Kama ni kusoma, hayuko peke yake: utafiti wa 2021 wa Uwezo, shirika linalopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, ulikuta takriban wawili tu kati ya watano wa gredi ya 4 wakiweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha gredi ya 3. Asome kwa sauti kila jioni, wewe ukisonga ugali.

*Elimu ni bure, mbona kila muhula naombwa pesa? (Mzazi, Mukuru)*

Mishahara ya TSC kando, mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi umewekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukiugawa kwa siku 365 haufiki shilingi nne, ilhali mtoto huyo huyo analipa shilingi tano kwa sahani ya mchana ya Dishi na County, mpango wa kaunti ulioanza 2023. (Sahani hiyo, kwa maoni yangu, imefanya mengi kwa watoto wa Mukuru kuliko hotuba zote za siku ya zawadi.) Pengo hilo ndilo linalomleta mwalimu mkuu mlangoni kwako.

Hata hivyo, karo ya masomo hairuhusiwi. Michango mingine inahitaji idhini ya wizara, na mtoto hafukuzwi kwa kuikosa. Kama ni ya kumlipa mwalimu aliyeajiriwa na wazazi na unaweza, toa. Risiti uidai hapo hapo dirishani, kabla hujaondoka.