Umetengeneza Gitaa au Umeliunganisha?

SWALI: Nilinunua seti ya vipande vya gitaa la umeme, nikatumia majuma matatu kupiga msasa, kupaka vanishi, kulehemu nyaya na kufunga nyuzi. Nilipowaandikia rafiki zangu kwamba nimetengeneza gitaa, mmoja aliniuliza lilikuwa limeharibika nini, na mwingine akasema sikutengeneza kitu, bali nimeunganisha tu vitu vilivyotengenezwa na wengine. Je, nitumie kitenzi gani? Na je, seti yenyewe inafaa kuitwa "kiti cha gitaa"?

JIBU: Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa halihitaji subira. Kiti ni cha kukalia. Neno la Kiingereza "kit" limetiwa irabu mwishoni, kama ilivyo desturi yetu ya kukopa, lakini limeangukia mahali palipokwisha kukaliwa; anayetangaza kwamba amepokea kiti cha gitaa atapongezwa kwa kupata pa kukaa wakati wa mazoezi. Sema "seti ya gitaa la kuunganisha", au "vipande vya gitaa", nawe utaeleweka. Pikapu nimeshindwa kuizuia. Wapiga gitaa wamezoea kuiita hivyo ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba na kuwekwa chini ya nyuzi, na sina nguvu ya kuwanyang'anya neno lao, ingawa anayelalamika kwamba pikapu yake imeanza kuvuma anapaswa kwanza kuhakikisha kama anazungumza na fundi wa magitaa au wa magari.

Sasa tuje kwenye kutengeneza. Rafiki zako wamegusa kidonda changu cha miaka mingi, na nitaomba radhi mapema endapo jibu litakuwa refu kuliko gitaa lenyewe.

Kitenzi hiki kina nasaba njema. Kutengenea ni kuwa katika hali nzuri, na jamaa yake ni kutengemaa. Kutengeneza basi ni kukifanya kitu kitengenee, yaani kukitoa katika mvurugiko na kukirudisha katika utaratibu wake. Ndiyo maana barabara iliyobomoka hutengenezwa, na nywele zilizotimka, na saa iliyosimama. Kamusi za leo zimekubali pia maana ya kukifanya kitu ambacho hakikuwapo, nami sikusudii kupigana na kamusi. Ninacholalamikia ni uvivu wetu wa kukiita kitenzi hiki kila panapotokea kazi ya mikono, ya akili au hata ya bahati, mithili ya mtumishi asiye na siku ya mapumziko. Siku hizi watu hutengeneza marafiki, kana kwamba marafiki hao waliletwa wakiwa na hitilafu. Hutengeneza pesa, shughuli ambayo katika Kiswahili nilichokulia mwisho wake ni kifungo. Wengine hutengeneza makosa, na hao nawashukuru kwa dhati, kwa sababu kulitengeneza kosa, kwa Kiswahili, ni kulirekebisha.

Haya yote yanatendeka katika lugha ambayo haijawahi kuwa na uhaba wa vitenzi vya mafundi. Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, jembe hufuliwa, mkeka husukwa, nguo hufumwa kisha ikashonwa, kinyago huchongwa, jahazi huundwa. Kila kitenzi kinabeba mkono, chombo na malighafi yake, hata msikilizaji huweza kukisia kama fundi amechafuka kwa udongo, kwa masizi au kwa vumbi la mbao. Vyombo vya muziki navyo havikusahauliwa: ngoma huwambwa, na ni kwa sababu huwambwa ndiyo maana mwamba ngoma huvutia kwake. Jaribu kusema kwamba mtengeneza ngoma huvutia kwake, uone kama ngozi itasogea hata kidogo.

Turudi kwenye sentensi yako, "Nimetengeneza gitaa", ambayo ningependa kuilaza mezani na kuifungua skrubu zote. Anayeisema huenda alikuwa na gitaa lililonyamaza, akafungua nyuma, akakuta waya umeachia, akaulehemu upya. Huenda gitaa lilikuwa zima ila sauti hazikukaa sawa, naye akashika bisibisi na kusogeza vile vitandiko vya daraja vinavyobeba nyuzi upande wa kiwiliwili, mpaka noti ya kila uzi unapobanwa kwenye freti ya 12, yaani kijiti cha chuma cha 12 shingoni, ikawa oktava kamili (noti ileile, ila ya juu zaidi) ya noti ya uzi huo ukiachwa wazi. Huenda alichagua gogo, akalikausha, akalipasua, akachonga kiwiliwili na shingo kwa mikono yake. Huenda, kama wewe, alifungua sanduku lenye vipande vilivyokwisha kukatwa. Tena huenda hajawahi kushika hata msasa, bali ana kiwanda. Watu watano, kazi tano, sentensi moja! Rafiki yako aliyeuliza gitaa lilikuwa limeharibika nini hakuwa na kejeli hata kidogo. Alikisikia kitenzi katika maana yake ya kwanza, na kama kuna namna ya kumfikishia salamu zangu, tafadhali mfikishie.

Rafiki wa pili nampa alama nusu. Yuko sahihi kwamba uliunganisha, lakini ameharibu kwa kuongeza "tu". Kuunganisha ni kufanya vitu viungane, na katika gitaa la umeme muungano huo si jambo dogo, kwa kuwa vipande vyake havitoi muziki wowote vikiwa mbalimbali. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku huutikisa pia uga wa sumaku hiyo, na mtikisiko huo huzaa umeme katika waya uliozungushwa. Umeme hupita kwenye vitufe vya kupunguza na kuongeza sauti, ukatoka kwenda kwenye kipaza sauti. Funga nyuzi za nailoni mahali pa zile za chuma, nawe utaisubiri sauti hiyo bure. Lehemu vibaya kiungo kimoja, na kazi yote ya majuma matatu inageuka pambo la ukutani.

Tena, gitaa la umeme lilikubali kuunganishwa tangu utoto wake. Mmarekani Leo Fender, muundaji wa magitaa, alipoliingiza sokoni gitaa la Broadcaster mwaka 1950, ambalo mwaka uliofuata lilibadilishwa jina likawa Telecaster, shingo yake haikugandishwa kwa gundi kama desturi ya mafundi wa magitaa ilivyotaka, bali ilifungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne. Shingo ikawa kitu cha kufungua na kufunga, na seti nyingi zinazouzwa leo zinafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuunganisha ni kazi ya kitoto anamdharau fundi wa kiwandani pamoja nawe. La kuepuka ni kuungaunga, ambalo ni jambo jingine kabisa: gitaa la kuungaunga ni lile ambalo kitufe chake kimeshikiliwa na utepe wa gundi, na mwenyewe anapiga huku akiomba lisisambaratike.

Je, usingeweza kujipa "nimeunda"? Hapa ndipo ninapokuwa bahili. Kuunda kulikuwa kazi ya vyombo vya baharini, na kiunzi cha jahazi kimezaliwa humo. Muundaji ndiye anayeamua vipimo. Katika gitaa, urefu wa uzi kati ya kichwa na daraja, ambao katika mtindo wa Fender ni milimita 648, ndio unaoamua kila freti ikae wapi, na anayekosea hapo hapati hata kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inayosikilizika. Wewe hukuupima urefu huo, ulikuta umekwisha kupimwa, na nafasi za freti zimekwisha kukatwa. Ila kama seti yako ilikuja na kichwa cha shingo ambacho hakijakatwa, kipana na bapa kama kasia, nawe ukakichora na kukikata kwa umbo ulilolitaka, basi hicho umekichonga, na ulitaje neno hilo bila haya.

Ukinitaka sentensi, andika: "Nimeunganisha gitaa langu la umeme, nimelipiga msasa, nimelipaka vanishi, nimelehemu nyaya zake na kulitia nyuzi." Ni ndefu, ndiyo, lakini ulitumia majuma matatu. Nawe uzingatie "langu", maana gitaa ni la ngeli ya li-ya, na ukiandika "gitaa yangu" barua yako ijayo nitaisoma nikiwa nimefumba macho. Kitenzi kutengeneza kiweke kabatini pamoja na bisibisi na risasi ya kulehemu iliyobaki, maana siku ile waya utakapoachia na gitaa likanyamaza katikati ya wimbo, utakihitaji.