Je, mboji inatosha kuipa mimea hewa ukaa?

Ndugu, umeuliza kama udongo wako wenye mboji nyingi unatosha kuipa hewa ukaa mimea uliyoifungia chumbani, au ununue mtungi wa gesi. Mtungi uache kwanza.

Ni kweli vijidudu vya udongo hutoa hewa ukaa vinapoozesha mboji, hasa udongo ukiwa na joto na unyevu wa wastani. Ila havifuati ratiba ya taa zako. Usiku mimea nayo hupumua bila kuitumia gesi hiyo, kwa hiyo kipimo hupanda. Taa zikiwaka, majani huifyonza haraka, na chumba kilichozibwa kinaweza kushuka chini ya kiwango cha nje, ambacho ni kama sehemu 420 kwa milioni. Hapo ukuaji hudorora hata kama mbolea ni tele.

Fungua tundu la hewa na uwashe feni mchana. Kuongeza hewa ukaa hadi sehemu 1,000 hivi kwa milioni kuna maana pale tu mwanga ni mkali. Kwa taa hafifu ni hasara tupu. Usirundike mboji mbichi ukitafuta gesi, utaambulia vijinzi na mizizi iliyooza.