Usiongeze klomifeni kwa kubahatisha

Dada, nimekuelewa: umemeza klomifeni, dawa ya kuchochea yai litoke, ya 50 mg kwa siku 5, mimba haikuingia, unaona vimulimuli machoni, na sasa unataka kumeza viwili viwili kwa vidonge alivyokubakizia rafiki yako. Tafadhali usifanye hivyo.

Kukosa mimba mwezi wa kwanza si ushahidi kwamba yai halikutoka. Mara nyingi hutoka siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho, na dozi huongezwa pale daktari anapoona kwa ultrasaundi au kipimo cha damu kwamba halikutoka. Kama yai linatoka, dozi kubwa huongeza madhara, nafasi ya mimba haiongezi.

Joto la ghafla usoni ni la kawaida. Mimi nilikuwa naamka usiku shuka limelowa chapachapa, na hasira za bure juu yake! Yakapita. Ila hivyo vimulimuli unavyoona machoni, hapana. Acha dawa, usiendeshe gari, kamwone daktari. Na tumbo likivimba haraka na kuuma sana, ukitapika au ukipumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda ovari zimechochewa kupita kiasi.

Kabla ya mzunguko mwingine pima ujauzito, na umweleze daktari kama una ugonjwa wa ini au uvimbe kwenye ovari. Mumeo naye apimwe mbegu. Wangu alizungusha miezi 4, na mimi muda wote huo nameza tu.